Gari Linalonukia Karafuu

Muscat, 18 Januari 1996

Mdogo wangu Dalal,

Assalaam alaykum. Mbusu Mama mkono kwa niaba yangu, na umwambie magoti yake nayatia katika dua kila sala. Mimi mzima. Kazi ni ile ile, baridi imeingia kidogo, na Ramadhani imo mlangoni. Nawatakieni saumu njema. Mwaka huu pia sitawahi kuja, kazi imenibana, lakini mwakani inshaallah.

Ninayokuandikia ni haya. Nakuleteeni gari. Limeshapakiwa melini na litafika kabla ya Idd ya Mfunguo Tatu. Si gari la fahari. Ni gari la familia, dogo kwa nje, kubwa kwa ndani, lina safu tatu za viti na mlango wa pembeni wa kusukuma. Chini ya mlango kuna kidato, ili Mama apande bila ya kunyanyuliwa. Tangu alipoanguka ngazini hajaona nje ya kuta za nyumba, na mimi jambo hili linaniuma. Najua vichochoro vyetu havipitishi hata punda na mzigo wake. Basi mtoeni kwa kiti mpaka barabarani Darajani, gari limsubiri hapo.

Nililinunua hapa hapa Muscat, dukani, jipya, na nimeliendesha mwenyewe miaka mitatu, Ruwi kwenda Matrah na kurudi. Sharti langu ni moja: asiliendeshe mtu asiye wa jamaa.

Na kwa kuwa nakujua, niseme kabla hujauliza. Lile shauri la yule Silima wa Makunduchi nilishalijibu. Baada ya Baba, walii wako ni mimi, na ijaza ya ndoa hiyo sitoi. Umefiwa na mume, nakuhurumia, lakini mwanamke huolewa na wa kufu yake, wa hadhi na nasaba kama yetu. Naomba tusilirudie.

Kaka yako,
Qais


Mkunazini, Unguja, 14 Mei 1996

Kaka Qais,

Shikamoo. Mama amepokea busu lako na amerudisha mawili. Idd imepita kwa salama, shukuru Mungu. Binamu yetu Mahfoudh alikuja kutoka huko kwenu, kanenepa, na anasema mnaonana kila Ijumaa. Halua uliyompa atuletee hatukuiona. Kwanza alisema kaisahau uwanja wa ndege, baadaye akasema imeliwa na chungu.

Gari limefika na tunakushukuru, Mungu akuzidishie. Mama tulimtoa kwa kiti, majirani wakasimama madirishani utadhani anapelekwa Makka. Alipokanyaga kile kidato akapanda peke yake alilia, nami nikalia. Hilo nakupa haki yako.

Lakini hebu nikuhadithie. Siku ya pili ya Idd Mahfoudh alitaka kutupeleka kwenye kaburi la Baba. Akachukua ufunguo, akafungua mlango wa kushoto, akajipweteka kitini, akanyoosha mikono mbele yake. Hakuna usukani! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Mahfoudh hakukosea kwa ujinga. Amezoea, kwa sababu huko kwenu usukani uko kushoto. Hata ile picha uliyotuletea mwaka wa kwanza, umeketi kushoto na miwani yako ya jua. Sasa gari ulilonunua dukani Muscat na kuliendesha miaka mitatu, usukani wake umehamaje? Nilimuuliza Mahfoudh. Akaomba maji ya kunywa, akayamaliza, akaniuliza siku hizi pweza wanauzwaje.

Na jambo jengine. Kazi yangu unaijua: nakanda udi, nachanganya mavumba, riziki yangu iko puani. Niliposukuma ule mlango harufu ya kwanza ilikuwa ya karafuu. Si mbichi wala ya juani. Karafuu iliyoungua, imeingia hadi kwenye kitambaa cha dari. Harufu hiyo naijua, Kaka. Barua zako zinanukia hivyo hivyo, na mimi siku zote nilidhani ni gundi ya bahasha. Sisi karafuu tunaichuma, tunaianika, tunaitia kwenye pilau. Nani huko Muscat anayeichoma ndani ya gari?

Kuhusu dereva usiwe na wasiwasi. Ana leseni na ana adabu.

Ndugu yako,
Dalal


Muscat, 2 Agosti 1996

Mdogo wangu Dalal,

Wa alaykum salaam. Nimefurahi kusikia Mama amepanda mwenyewe. Huku joto limetuchoma, lakini afya ipo. Mahfoudh amerudi, na kisa cha mlango amenieleza kabla yako, kwa hiyo umecheka bure.

Wewe tangu utoto ukipewa andazi ulilipasua kwanza uone ndani kuna nini. Gari la usukani wa kulia niliagiza kwa makusudi, nikijua mwisho wake ni Unguja. Na hiyo harufu, mwenye gari wa mwanzo alikuwa mvuta sigara. Kuna sigara za namna hiyo, zinatiwa karafuu.

Badala ya kulinusanusa, ungelijua asili yake ungeliheshimu. Gari hili kwao lilizaliwa kigari cha mizigo, cha kupelekea mboga sokoni. Injini ilitoka Japani ndani ya sanduku, na bodi ikafuliwa kwa nyundo na mafundi wa vichochoroni, bati kwa bati. Halikuwa hata na vioo, milango yake turubai. Basi watu wakatia mabao ya kukalia nyuma, wakapakia bibi, wajukuu na kuku wao. Wenye kampuni wakaona kumbe wateja wao si wauza mboga, ni familia. Wakatia viti, wakatia vioo, wakarefusha paa. Java likaitwa Melati, yaani asumini. Likavuka kwenda Malaya, likavuka Siam na Bara Hindi, kila nchi ikalipa jina lake, ikabadilisha taa na pua, na mengine yakatiwa usukani upande wa pili kwa ajili ya Manila. Lakini chini ni lile lile. Idd ikifika huko miji inahama. Kila nyumba inajipakia ndani ya Melati kwenda kijijini kwa wazee, mikeka juu ya paa, wali uliopikwa ndani ya vikuti vilivyosukwa, watoto wamelaliana nyuma, na njia nzima hakuna anayenung'unika. Hakuna gari lililochanganya damu za watu wengi kama hili, na ndiyo maana halichoki.

Sasa na mimi nina swali. Nimesikia gari linaonekana Kizimbani kila Jumatano. Mama ana shughuli gani kwenye mashamba ya serikali? Na aliyeshika usukani ni nani? Niliweka sharti moja tu.

Kaka yako,
Qais


Mkunazini, 9 Oktoba 1996

Kaka Qais,

Shikamoo. Mama hajambo, ila macho yanazidi kupungua. Daktari anasema ni mtoto wa jicho. Vuli imeanza mapema, dari ya chumba chako cha zamani inavuja na nimetia beseni.

Mwezi wa kwanza uliniandikia gari ulilinunua jipya. Mwezi wa nane limepata mwenye gari wa mwanzo. Njia ya mwongo ni fupi, Kaka, na hii yako haikufika hata mwaka.

Umenisomesha asili ya gari, ahsante. Barua ile nimeisoma mara nyingi maana ni nzuri, na uzuri wake ndio ulionitia shaka. Muuza magari gani wa Muscat atakusimulia wali wa kwenye vikuti? Na nani alikwambia kuwa njia nzima watoto hawanung'uniki? Hayo hayasemwi na aliyeambiwa. Halafu unalisifu gari kwa kuchanganya damu, sifa tele, na mtu wa Makunduchi, Mwislamu mwenzio, anayekaa mwendo wa saa moja kutoka hapa, damu yake haifai. Basi chuma kimepata bahati kuliko mimi.

Kizimbani naendea maua ya langilangi. Mafuta yake ndiyo yanayouzika sasa, watalii wa Kendwa wanayapenda. Anayeniuzia maua ni mfanyakazi wa shamba na anayaweka vizuri. Mama hupenda kuja kupunga upepo.

Lakini sikuchukua kalamu kwa hayo. Jumatano iliyopita Mama alitaka kukaa kiti cha nyuma kabisa, pembeni, ili anyooshe goti. Yule haoni, anapapasa. Akapapasa ukingo wa plastiki chini ya dirisha, mkono ukasita. Akarudia. Kisha akaniita: "Dalal! Njoo utie kidole hapa." Nikatia. Kuna vishimo vidogo vidogo, viwili viwili, ukingo mzima. Akasema: "Haya meno. Hapa kakaa mtoto akiota meno. Qais alintafunia samadari yangu hivi hivi, mpaka leo iko, nenda katazame."

Nilikwenda kutazama, Kaka. Upande wa kichwani mwa kitanda, chini ya nakshi. Ni hivyo hivyo.

Kile kidato nacho nimekiinamia. Hakikutoka kiwandani. Kimefuliwa kwa nyundo, na pembe zake zimekunjwa ndani ili zisimkate mtu mguu. Kuna mtu alikaa akafikiria mguu wa Mama yetu, na mtu huyo hatumjui.

Jina la mtoto nani?

Dalal


Muscat, 20 Januari 1997

Dalal,

Salamu kwa Mama. Ramadhani karim.

Nimekaa kimya kwa sababu barua yako ilinikasirisha. Mtu analeta kheri anaulizwa kama mwizi. Mtoto hakuna. Gari ni chuma na plastiki, limepita mikono mingi, na aliyelitafuna simjui. Wewe shughulika na mwendo wako wa Kizimbani. Mwenye maua nimeshaambiwa ni nani, na dereva wa Jumatano ni nani, na ni mtu mmoja. Ulidhani sitajua?

Kama gari linakutieni wasiwasi, liuzeni.

Ila mkiliuza, king'oeni kile kiti cha nyuma mkiweke.

Qais


Mkunazini, 3 Machi 1997

Kaka yangu,

Shikamoo. Idd njema, ingawa imepita. Mama alifunga saumu zote, tulimkataza hakusikia.

Barua yako nilimsomea Mama yote, hata maneno ya hasira. Nilipofika kwenye kiti alinyanyua mkono, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akacheka, Kaka! Akasema: "Hakuna auzaye gari akabakisha kiti." Tangu hapo haulizi tena kama mtoto yupo. Anauliza jina tu. Asubuhi anauliza na usiku anauliza.

Na mimi sasa niseme yangu, maana nimechoka kuandika nikizungukazunguka. Ndiyo, ni Silima. Anatunza vitalu vya miche Kizimbani, mkewe alifariki mwaka mmoja na marehemu wangu, na kila Jumatano ndiye anayetuendesha, na Mama kakaa nyuma anasikia kila neno. Hatujafanya la kuficha. Mimi si mtoto, nina miaka thelathini na tisa. Nikienda kwa kadhi nikamwambia walii wangu hayupo na haijulikani aliko, ataniozesha. Na wewe kweli hujulikani uliko. Nilimwambia hivyo Mama. Akanijibu: "Sitaki mwanangu aozwe kama hana ndugu. Unaye. Mtafute." Basi nakutafuta.

Nakuogopa, Qais. Si kwa ukali wako. Naogopa kuwa kaka niliyenaye hapa kwenye karatasi si mtu, ni stempu anazobandika Mahfoudh huko Muscat. Miaka minane mwakani inshaallah, mwakani inshaallah. Nikinusa barua nasema huyu yuko mahali ana raha zake, ana watu wake, na sisi tumekuwa wageni wa kufichwa. Hilo linaniuma kuliko ijaza.

Sikutishi. Ukikataa tena nitabaki na Mama, na Silima nitamwambia asisubiri. Lakini nikatalie ukiwa umesimama pahala penye jina.

Dalal


Surabaya, Java, 15 Mei 1997

Dalal mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Mahali penye jina ni hapo juu. Barua hii haikupitia kwa Mahfoudh. Yeye msimlaumu, nilimuapisha. Halua aliyosema nimempa haikuwapo.

Nilikuja huku mwaka themanini na tisa kwa tajiri wa karafuu wa Muscat, nikague mzigo miezi miwili nirudi. Wanaivuta karafuu hawa, Dalal. Mji mzima unanukia hivyo, na mimi kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani nililala usingizi. Biashara ile ikaharibika, mimi sikurudi. Nilioa. Mke wangu anaitwa Sriyati. Baba yake ni mfua bati, mmoja wa wale waliofua bodi za Melati za mwanzo kwa nyundo, na asili ya gari niliyokuandikia yote nimeisikia kwake, akiwa na sigara yake mdomoni, ndani ya gari lile lile. Kidato kakitengeneza yeye. Aliniuliza Mama ana urefu gani, akaniuliza goti lipi.

Kwa hivyo unaona. Nilikunyima wewe kwa kufu wakati mkwe wangu anafua bati. Kila nilipotaka kuandika nilimsikia Baba akihesabu majina ya mababu zetu, na kila mwaka uliopita ulifanya la kusema kuwa gumu zaidi. Nikakushikilia wewe ili nijione bado mimi ni mtu wa nyumba ile. Ilikuwa dhuluma na naiona haya.

Ijaza natoa. Nimempa Mahfoudh uwakala mbele ya mashahidi, anakuja na karatasi yake mwezi wa nane, aozeshe kwa niaba yangu. Mwambie Silima nimeridhika, naye anisamehe.

Na mtoto. Ana miaka mitano. Gari lilipokuwa linaondoka bandarini alilishika mlango, akakataa, akapiga makelele watu wakajaa. Nikamwambia linakwenda kwa bibi yake, mwenye jina lake. Akauliza: "Na yeye atakaa kiti changu?" Nikamwambia ndiyo. Ndipo akaachia.

Anaitwa Bahiya.

Qais


Mkunazini, 30 Agosti 1997

Kaka Qais,

Shikamoo, wewe na wifi yangu na mzee wa nyundo. Mpe salamu zangu kwanza yeye kabla hujasoma chini.

Barua yako nilimsomea Mama chumbani kwake. Nilipofika kwenye jina sikuweza kulitamka, nikamshika mkono. Mama akangoja. Kisha akasema mwenyewe, polepole: "Kampa langu." Nikasema naam. Alifunika uso kwa mtandio wake akalia muda mrefu, nami nikamwacha.

Harusi imepita. Mahfoudh alikamata mkono wa Silima msikitini kwa niaba yako, na safari hii kaleta halua, nzuri kabisa. Baada ya nikaha tulikuwa twende Makunduchi kwa wazee wa bwana harusi. Mahfoudh alisema ataendesha yeye, akafungua mlango wa kushoto tena. Nilimwonyesha upande wa pili.

Sijakusamehe yote, ujue. Naamini umenambia kweli tisa, na ya kumi nitakuuliza uso kwa uso. Bado najiuliza miaka mitano ulikuwa ukimwambia mtoto sisi ni nani. Nitajua tu siku nitakapomwona, kwa namna atakavyonitazama.

Lakini nimalizie la gari. Jamaa walijaa, shangazi, majirani, masinia ya pilau, kila mtu anataka nafasi. Watu walipakatana magotini. Mama alipanda kwa kidato chake, akaenda hadi nyuma, akaketi, na kile kiti cha pembeni cha dirishani akaweka mkoba wake. Silima akawa wa mwisho kupanda, na kanzu yake nyeupe, akatafuta pa kukaa asipate. Shangazi mmoja akaunyanyua mkoba ili bwana harusi akae.

"Uwache," Mama akamwambia. "Hapo pana mwenyewe. Yuko njiani."

Silima akakunja kanzu yake, akakaa chini mlangoni, na hivyo ndivyo tulivyokwenda Makunduchi.

Ndugu yako,
Dalal